Mkuki unalala, unayumba, unakata kona: kutafuta kosa la mrushaji kijana

Kila mwaka masika yakianza, walimu wa michezo wa Arusha na Moshi huanza kuchagua vijana wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Wakimbiaji hawatafutwi sana, maana ukanda uliomzaa Filbert Bayi hauna uhaba wa miguu. Mkuki ndio hubaki bila mwenyewe. Anapewa kijana mwenye mkono mzito, anaonyeshwa mstari, anaambiwa arushe. Anarusha, mkuki unaanguka karibu, anaambiwa aongeze nguvu. Anaongeza, mkono unaanza kuuma, na mkuki unaanguka palepale.

Kijana huyo hakukosa nguvu. Karibu kila kosa unaloliona mkuki ukiwa hewani lilizaliwa hatua mbili au tatu kabla, miguuni, na mkono ulikuwa unahangaika kulifunika. Kwa hiyo hapa tutaanza na kile kinachoonekana, halafu turudi nyuma hadi chanzo. Nimeandika kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande.

Jambo moja kabla ya yote. Viwanja vyetu vingi vya shule vina njia ya mkato inayopita katikati, watoto wanatoka shule ya msingi, mara ng'ombe wanachungwa pembeni. Hakuna kurusha mpaka mbele pawe peupe kabisa, na mtu mmoja awe na kazi ya kutazama tu. Mkuki haurudishwi kwa kurushwa. Unafuatwa kwa miguu, kwa kutembea, na unabebwa wima, ncha chini.

Ukague mkuki kabla ya kumkagua mrushaji

Lalia jicho lako kwenye mkia, utazame mpaka kwenye ncha. Mkuki uliopinda utatetemeka hata akiurusha bingwa. Mara nyingi unapinda wakati wa kuung'oa: mtu anauvuta kwa pembeni badala ya kuutoa kwa mwelekeo uleule ulioingilia.

Kisha uweke juu ya kidole. Mahali unapolala sawa bila kuinama ndipo kitovu cha uzito, na panatakiwa pawe ndani ya kamba ya kushikia. Mkuki wa mwanzi wa kuchonga nyumbani unafaa kabisa kwa mazoezi, lakini wengi wanafunga kamba katikati ya urefu na kuusahau uzito. Zungushia waya mbele mpaka usawa upatikane kwenye kamba. Mwanzi ukishapasuka, achana nao, maana vipande vyake vinakata kiganja.

Halafu uzito. Kwa wavulana walio chini ya miaka 18 mkuki wa kimataifa ni gramu 700, kwa wasichana wa umri huo gramu 500. Wanaume wakubwa hutumia gramu 800, wanawake gramu 600. Kama stoo ya shule ina mkuki wa gramu 800 tu na kijana wa kidato cha pili anafanyia huo mazoezi kila siku, umeshapata chanzo cha nusu ya matatizo yatakayofuata.

Mkuki unatua tumbo, au mkia unatangulia

Sheria haidai mkuki usimame ardhini. Inatosha ncha ya chuma iguse kwanza. Nimeona vijana wakikata tamaa kwa sababu mkuki haukuchoma, kumbe mrusho ulikuwa halali. Ardhi ngumu ya kiangazi hairuhusu kuchoma.

Lakini ukitua bapa kweli, ncha ilikuwa juu mno wakati mkuki unatoka mkononi. Mkuki unatakiwa uelekee kulekule unakokwenda. Ncha ikitazama mawinguni wakati mkuki wenyewe unakwenda mbele, hewa inapiga tumbo lake na kuuzuia. Mtu akisimama mbali nyuma yako, mrusho mzuri anauona mkia tu. Akiuona urefu wa mkuki, kuna kosa.

Mtazame sasa wakati anaurudisha mkuki nyuma. Mkono umenyooka? Kiganja kinatazama juu? Kiko usawa wa bega au juu yake kidogo, na ncha iko karibu na jicho? Kwa wengi kiganja kimeshuka hadi kiunoni, na kikishuka hivyo ncha lazima ipande. Chanzo kingine ni kifundo cha mkono kukunjika dakika ya mwisho. Cha tatu ni kukusudia: kijana amefundishwa darasani kwamba kitu kinakwenda mbali kikirushwa kwa nyuzi 45, naye anatii. Kwa mkuki hesabu hiyo haisimami. Unatoka mkononi ukiwa tayari juu ya ardhi, hewa inaubeba, na mwili wa binadamu unatoa kasi kubwa zaidi ukirusha chini kidogo. Warushaji wakubwa hutoa mkuki kwa nyuzi zipatazo 32 hadi 37.

Dawa yake ni kuchoma ardhi. Simama, miguu imepangwa, mkuki umerudi nyuma, uchome nyasi mita 5 mbele yako. Ukiweza kupachoma pale ulipopakusudia, sogea mita 10, kisha 15. Usisogee kabla ya kupata. Zoezi hili halifurahishi, vijana wanataka kuona mkuki ukipaa, lakini sijaona jingine linalofundisha kiganja haraka hivyo.

Tahadhari kwa wanaojifunza kwa video: usiige mirusho ya zamani sana. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mita 104.80. Mikuki ya enzi hizo ilielea na kutua bapa mara kwa mara, waamuzi wakabaki wanabishana. Mwaka 1986 kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume kikasogezwa mbele kwa sentimita 4 ili ncha ishuke mapema. Wa wanawake ukabadilishwa 1999. Mkuki ulioko mikononi mwako hautaki ile pembe uliyoiona kwenye picha za Hohn.

Unakimbia sana, mkuki hauendi

Hili ndilo tatizo letu hasa, na ndilo linalowanyima vijana wa kaskazini mita nyingi kuliko yote. Wengi walianzia mbio. Wana pumzi, wana kasi, wanakimbia hadi mstarini kama wanamaliza mita 100, halafu wanasimama na kurusha kwa mkono mtupu.

Pima hivi. Rusha mara tatu ukiwa umesimama. Rusha mara tatu kwa hatua tatu. Rusha mara tatu kwa mbio kamili. Weka alama pale kila mmoja ulipotua. Kama mbio kamili zinakuzidishia mita mbili au tatu tu kuliko kusimama, kasi yako yote inamwagika njiani. Kazi sasa ni kujua inamwagikia wapi.

Anza na mguu wa kushoto, ule wa mwisho kutua kabla mkuki haujatoka. Abiria wa bodaboda analijua jambo hili mwilini: dereva akikamata breki ya mbele ghafla, pikipiki inasimama, abiria anarushwa mbele. Mguu wa kushoto ndiyo breki hiyo. Ukitua umenyooka na kukaza, nyonga inasimama upande wa kushoto, upande wa kulia unazunguka kwa nguvu, kifua kinafuata, bega linafuata, mkono unamalizia. Goti likikunjika, hakuna kilichosimama, na mkono unabaki peke yake.

Kwa nini goti linakunjika? Mwalimu wa haraka atasema mguu dhaifu, apewe squat, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka. Mara chache ndivyo ilivyo. Tazama kwanza viatu na ardhi. Matayarisho ya UMISSETA yanaangukia Machi hadi Mei, mvua inanyesha, kiwanja kimelowa, kijana amevaa raba zilizolika soli. Mguu unateleza, na mwili wenye akili unajikunja ili usianguke. Njumu za mpira wa miguu kwenye nyasi zitakutosha kwa sasa. Kama hakuna njumu na kumelowa, siku hiyo fanya mirusho ya kusimama tu. Kurusha kwa kasi kwenye utelezi kunaharibu kinena na goti.

Ardhi ikiwa kavu na bado goti linakunjika, rudi hatua moja nyuma, kwenye mguu wa kulia. Hatua inayotangulia ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote, na wengi wanairuka juu. Ukipanda juu utashuka kwa uzito wako wote. Mguu wa kulia utazama, na wa kushoto utachelewa kufika. Hatua hiyo iende mbele, karibu na ardhi, na mguu wa kushoto uanze safari yake kabla wa kulia haujagusa chini. Sikiliza kwa masikio: mguu wa kulia na wa kushoto vitue haraka kwa kufuatana, ta-tam. Ukisikia tam, kisha kimya, kisha tam, hapo ndipo kasi inapomwagika. Mimi huwaambia vijana wafumbe macho wamsikilize mwenzao akirusha. Wanalitambua kosa haraka kuliko kwa kutazama.

Bado kama halijapona, rudi nyuma zaidi, kwenye mwendo wenyewe. Kijana anaingia na kasi asiyoweza kuitumia. Punguza. Hatua tisa hadi kumi na tatu zinamtosha mrushaji wa sekondari, tano za mwisho zikiwa za kupishanisha miguu, mwili umegeuka pembeni. Aanze polepole na aongeze kasi kuelekea mwisho. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza kwa fujo na kupoa karibu na mstari. Kasi ya mwili ambayo mguu wa kushoto unaweza kuisimamisha ndiyo kasi yako halali. Inayozidi hapo inakudhuru.

Inafaa kuelewa kwa nini tunahangaika hivi na kasi. Umbali wa mrusho unakua kwa kadiri ya mraba wa kasi ya mkuki unapotoka. Ukiongeza kasi hiyo kwa asilimia 10, umbali unaongezeka kwa takriban asilimia 20. Kubadilisha pembe kwa nyuzi moja au mbili hakukupi kitu kinachokaribia hapo.

Kosa jingine la kundi hili ni mkono kuwahi. Mguu wa kushoto haujatua, mkono umeshaanza kuvuta. Dalili yake ni kichwa na kifua kuinamia mbele mapema na mkuki kutoka bila uhai. Mkono ubaki nyuma, umelegea na umenyooka, mpaka kisigino cha kushoto kiguse ardhi. Funga utepe wa tyubu ya baiskeli kwenye nguzo ya goli, ushike kwa mkono wa kulia nyuma yako, kisha sukuma nyonga ya kulia mbele bila kuvuta kwa mkono. Ukihisi mvuto kifuani na begani kabla mkono haujasogea, umepata. Rudia hilo kila siku. Halichoshi, na hata nyumbani linafanyika.

Mkuki unakata kulia au kushoto

Ukikata kulia, mara nyingi ncha iliachana na kichwa wakati wa kuurudisha mkuki nyuma: mkono ulizunguka kwenda nyuma ya mgongo, ncha ikatazama pembeni. Urudishe kwa mstari ulionyooka, ncha ikae karibu na jicho la kulia muda wote.

Ukikata kushoto, tazama unyayo wa mguu wa kushoto. Ukitua mbali sana upande wa kushoto, mwili unafunguka na kuangukia huko, mkono unauvuta mkuki kukatisha kifua. Chora mstari kwa chokaa au kwa kijiti katikati ya njia ya kukimbilia. Mguu wa kulia utue juu yake au karibu nao, wa kushoto utue kushoto kwake kidogo tu. Mkono wa kushoto nao una lawama. Ukiutupa ovyo nyuma, bega linafunguka mapema. Uukunje na kuuleta karibu na mbavu.

Eneo halali la kutua ni jembamba, nyuzi 28.96 tu, hivyo mkuki wenye nguvu unaokata kona utapimwa sifuri.

Mkuki unatetemeka hewani

Kama mkuki haukupinda, mshiko umelegea au nguvu haikupita katikati yake. Kuna mishiko mitatu inayotumika: gumba na kidole cha shahada nyuma ya kamba, gumba na kidole cha kati, au kamba kukaa kati ya kidole cha shahada na cha kati. Kwa kijana napenda ule wa kidole cha kati, kwa sababu cha shahada kinabaki kikilala juu ya mkuki na kuuongoza. Kama kiwiko kinakusumbua, jaribu ule wa kati ya vidole viwili. Vyovyote uchaguavyo, mkuki ulale kwa mshazari kiganjani, usiubane ngumi, na ufute mikono na kamba kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mrusho.

Kiwiko kinauma upande wa ndani

Hapa naomba tusikilizane, mdogo wangu, pamoja na mwalimu wako na mzazi. Kijana wa miaka 14 au 16 bado anakua. Miisho ya mifupa ya kiwiko haijakomaa, na mrusho mbaya unaivuta kila siku mahali palepale. Maumivu ya ndani ya kiwiko kwa mtoto hayachukuliwi kama uchovu wa misuli. Acha kurusha. Usimeze diklofenaki ili umalize mashindano, wala usikubali kukandwa na kunyooshwa kwa nguvu na mtu asiyejua amegusa nini. Maumivu yakidumu siku kadhaa, au mkono ukishindwa kunyooka wote, nenda ukapigwe picha: Moshi kuna Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Arusha kuna Mount Meru. Msimu mmoja ukipotea, kijana atarudi. Kiwiko kikiharibika, hatarudi.

Chanzo, mbali na mkuki mzito na kurusha kila siku, ni kiwiko kushuka. Mtoto aliyekulia kuangusha maparachichi kwa jiwe ana mkono mwepesi, lakini mara nyingi anarusha kwa ubavu, kiwiko chini ya bega. Jiwe linasamehe. Mkuki ni mrefu na mzito kuliko jiwe, na ukiupitisha ubavuni unakifungua kiwiko kwa pembeni. Sheria nayo inataka mkuki urushwe juu ya bega au juu ya sehemu ya juu ya mkono, kwa hiyo mtindo huo unakuumiza na unaweza kukutoa.

Mpige video kutoka upande wa kulia, mbali pembeni, kamwe si kutoka mbele. Icheze polepole. Kiwiko kikipita karibu na sikio, juu ya bega, uko salama. Kikipita chini, chukua mpira wa kitambaa uliojazwa mchanga, upimwe dukani ufike gramu 400, upige magoti karibu na uzio upande wako wa kulia, kisha urushe mbele bila mkono kugusa uzio. Uzio utakufundisha. Ongeza mirusho ya mikono miwili juu ya kichwa kwa mpira wa mchanga wa kilo 1 au 2. Mkuki wenyewe urushwe kwa nguvu siku mbili, tatu zikizidi, kwa wiki, na siku hizo zisifuatane.

Bega likiuma mbele, tazama kama mkono unawahi, maana ni kosa lilelile la juu. Mgongo wa chini ukiuma, kijana anajipinda nyuma ili apate urefu badala ya kukaza mguu wa kushoto. Pumzisha, kisha rudi kwenye ta-tam.

Bendera nyekundu kwa kuvuka mstari

Kipimo kinaanzia kwenye ukingo wa ndani wa tao, yaani ule mstari uliopinda mwishoni mwa njia ya kukimbilia, kwa hiyo kurusha ukiwa mita nne nyuma ni kutupa mita nne, na kurusha ukiwa umeligusa tao ni kuvuka. Mguu wa kushoto utue mita 1.5 hadi 2 nyuma yake. Nafasi hiyo ndiyo ya hatua ya kujizuia. Weka alama mbili: pa kuanzia, na pa kuanza kurudisha mkuki nyuma. Zipime kwa nyayo zako na uziandike. Ukivuka siku nzima, usifupishe hatua za mwisho. Rudisha alama ya kuanzia nyuma kwa kiasi ulichovuka. Na ukimaliza, toka kwa nyuma ya tao, mkuki ukiwa umeshatua.

Mazoezini unarusha vizuri, mashindanoni unaharibu

Sababu ya kwanza ni upepo. Ukikupiga usoni, shusha ncha kidogo, maana upepo utainyanyua kwa nguvu. Ukitoka mgongoni unaweza kuipandisha kidogo. Chomoa majani, yarushe, uone kabla ya zamu yako.

Sababu ya pili ni mrusho wa kwanza. Washindani wakizidi wanane, kila mmoja kwa kawaida ana mirusho mitatu, na wanane bora ndio wanaoongezewa mitatu mingine. Kijana anaingia kurusha rekodi, anavuka. Wa pili anaogopa, anapunguza mbio, ta-tam inavunjika. Wa tatu anautia mkono nguvu zote, mkuki unalala. Mrusho wa kwanza ufanye kwa mbio fupi, hatua tano tu, mradi uwe halali na upimwe. Alama ya mbio hizo fupi nayo iwe imepimwa na kuandikwa tangu mazoezini.

Na kama unadhani mkuki si mchezo wa watu wetu, Zakayo Malekwa alirusha kwa jina la Tanzania kwenye Olimpiki za miaka ya 1980. Julius Yego wa Kenya, aliyetoka kwenye nchi ya wakimbiaji kama hii yetu, alijifunza kwa kutazama video mtandaoni, na mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mtafute huyo kwenye simu, uicheze polepole, na usitazame mkono. Tazama mguu wake wa kushoto unapotua.